Kikwembe cha pili: nani aliamua mama mzee avae nini?

Leo tunazungumza juu ya nguo za wamama wazee.

Kuna swali linalorudi kila mara katika jamaa zetu: mama akishapita miaka 60, avae nini? Watoto wake wanasema aache rangi kali. Mchungaji anasema afunike kichwa. Binti aliye Kampala ao Ulaya anamtumia pantalo ya joto, na jirani anauliza kama mama huyo anataka kurudia usichana. Kambini, siku ya kugawa nguo, mama mwenye wajukuu kumi anaweza kupewa sketi fupi kwa sababu ndiyo iliyobaki ndani ya balo. Kila mtu ana neno lake, na anayesema sana hupenda kumalizia hivi: ndivyo mababu walivyotaka.

Historia ya inchi yetu inasema mambo mengine. Vazi tunaloliita la mama mzee ni blauzi ya kikwembe, kikwembe cha kufunga kiunoni, kikwembe cha pili juu yake, na kitambaa kichwani. Vazi hilo halikutoka kwa mababu likiwa hivyo. Lilijengwa kidogo kidogo kwa muda wa miaka 150 hivi, na mara nyingi walioamua walikuwa wafanyabiashara, wakoloni, wamisionari na rais. Lakini iko sehemu moja ambayo wamama wenyewe waliishika wakakataa kuiacha. Sehemu hiyo inatufaa sana wakati huu wa vita. Tuifuate tangu mwanzo.

Nguo iliyokuja na misafara

Mbele ya nguo za pamba kufika, watu wa mashariki walijifunika kwa ngozi za wanyama, kwa magome ya miti yaliyopigwa mpaka yakawa laini, na kwa nyuzi za mimea. Kule Kasaï, Wakuba walifuma raffia, na ufundi wao unasifiwa duniani mpaka leo.

Katikati ya karne ya 19, misafara ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili ilitoka Zanzibar, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika na kufika Kasongo na Nyangwe, katika Maniema ya leo. Kwa njia hiyo hiyo Kiswahili kiliingia Congo. Wapagazi walibeba shanga, waya za shaba na nguo. Nguo iliyotafutwa sana iliitwa merikani, kitambaa kigumu kisichotiwa rangi kilichofumwa Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Nyingine iliitwa kaniki, na rangi yake ilikuwa buluu nzito. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, toka 1861 mpaka 1865, vilipokata pamba ya kule, viwanda vya Uingereza na vya India vilichukua nafasi, lakini jina la merikani lilibaki.

Nguo hiyo ilikuwa pesa. Ilipimwa kwa mkono, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na kwa doti, yaani yadi 4. Kwa doti msafara ulilipa ushuru kwa chifu na kununua chakula. Kwa doti pia, katika biashara mbaya ya wakati ule, watu walinunua watu. David Livingstone alifika Nyangwe mwaka 1871 akakuta soko kubwa, na wengi waliouza na kununua ndani yake walikuwa wamama. Tarehe 15 Julai mwaka huo watu wa misafara walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Mamia ya watu, wengi wao wanawake, walikufa kwa risasi ao kwa kuzama katika mto Lualaba. Damu hiyo pia imo katika historia ya nguo zetu.

Kwa hiyo wakati nguo ilipoanza kuingia, mama mzee hakuulizwa anapenda nini. Nguo ilikuwa mali ya chifu na ya mwenye bunduki. Aliyevaa doti nzima alionyesha nguvu ya nyumba yake kuliko umri wake.

Pamba ya lazima, blauzi ya misheni

Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ya Wabelgiji ilianza kulazimisha vijiji kulima pamba, kwanza katika Maniema na Uele. Mpango huo ulienea sehemu nyingi za inchi. Kila jamaa ilipimiwa shamba, na aliyekataa alipata fimbo, faini ao gereza. Bei ya pamba haikuamuliwa na mkulima. Wamama walifanya sehemu kubwa ya palizi na ya kuvuna. Kisha viwanda vya nguo vilisimama, kama Utexléo kule Léopoldville na Filtisaf kule Albertville, mji tunaouita Kalemie. Mama aliyeinama shambani juu ya pamba alikwenda dukani kununua pamba ile ile ikiwa na maua, na huko pia bei iliamuliwa na mwingine.

Wakati huo huo wamisionari walifundisha kwamba mwanamke Mkristo afunike mabega na kifua. Masista walifundisha wasichana kushona. Katika miji, serikali ilifungua nyumba zilizoitwa foyer social, ambapo wake za wafanyakazi walijifunza kushona, kupiga pasi na kutunza nyumba kwa mtindo wa Ulaya. Hapo ndipo vazi la leo lilianza kuonekana: blauzi ya kushonwa toka misheni, na chini yake kikwembe cha dukani cha kufunga kwa mkono.

Kikwembe chenyewe kilikuwa na safari yake. Michoro ya waksi iliiga nguo za Java, kule Indonesia, ambako watu huchora kitambaa kwa nta mbele ya kukitia rangi. Waholanzi waliigeuza kazi hiyo kuwa ya mashini. Kampuni ya Vlisco, ya mji wa Helmond, ilianza mwaka 1846, na waksi ya Uholanzi ikawa nguo ya heshima katika Afrika ya magharibi na ya kati. Katika miaka ya 1950, wanawake wa Léopoldville waliunda vyama vya urembo, na wenye chama kimoja walishonesha nguo za mchoro mmoja. Mpaka leo tunaona desturi hiyo kwenye arusi na matanga: jamaa nzima katika kikwembe kimoja.

Wakati kikwembe kilipokuwa sheria

Tarehe 27 Oktoba 1971, Mobutu alibadilisha jina la inchi ikawa Zaïre. Siasa yake aliiita authenticité, yaani kurudia asili. Mwaka 1972 watu waliambiwa waache majina ya Kikristo. Wanaume walikatazwa kravati, wakavaa abacost. Wanawake walikatazwa pantalo, sketi fupi na nywele za bandia. Vazi la mwanamke wa Zaïre likawa kikwembe.

Mtu akitazama vizuri ataona jambo la ajabu hapa. Rais alisema anarudisha mavazi ya mababu, lakini nguo aliyoichagua ilikuwa na mchoro ulioigwa toka Java, utaalamu wa Uholanzi na blauzi ya misheni. Wamama wazee hawakulazimika kubadilisha kitu, maana walikuwa wanavaa hivyo tayari. Vijana wa mjini ndio walioamriwa kuvaa kama mama zao. Nguo ambayo mama alikuwa akiivaa kwa hiari ikawa vazi la chama. MPR ilitoa vikwembe vyenye sura ya Mobutu, na wamama wakapangwa barabarani na viwanjani kucheza na kumwimbia kiongozi. Wengi walivifunga vikwembe hivyo miaka mingi baadaye shambani na jikoni, maana kitambaa ni kitambaa hata kama sura iliyo juu yake imekwisha kuondoka.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kravati ikarudi. Pantalo za wanawake nazo zikarudi mjini. Lakini hamu ya kuamulia wanawake nguo haikuisha. AFDL ilipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, katika majuma yaliyofuata askari waliwapiga wanawake barabarani juu ya pantalo na sketi fupi. Serikali mbili zilizochukiana zilikubaliana katika jambo hilo moja.

Sehemu ambayo wamama waliishika

Sasa tuje kwenye kikwembe cha pili. Kipande kizima cha kikwembe kina yadi 6, karibu mita 5 na nusu. Kinakatwa mara tatu. Sehemu ya kwanza inakwenda kwa fundi, inakuwa blauzi. Ya pili inafungwa kiunoni mpaka kwenye vifundo vya miguu. Ya tatu inakunjwa na kufungwa juu ya ile ya pili. Msichana anaweza kutembea na kimoja tu, ao kushonesha kanzu. Mwanamke aliyeolewa, na zaidi mama wa watoto wakubwa, anafunga viwili. Katika sehemu nyingi za inchi yetu hiyo ndiyo alama yake, na watu wanaitambua toka mbali.

Sheria ya Mobutu ilitaka kikwembe kwa kila mwanamke, msichana na bibi pamoja. Misheni ilitaka mabega yafunikwe. Hakuna kati yao aliyesimama kumwamuru mama afunge kipande cha tatu. Kilibaki kwa sababu kina kazi, na kazi hizo wanaozijua vizuri ni wamama.

Kwa kikwembe hicho mama anambeba mjukuu mgongoni. Anakikunja ngata ya kuweka kichwani chini ya beseni. Anafunga ndani yake unga, maharagwe ao kuni. Mvua ikinyesha anajifunika. Baridi ya Lubero ao ya Masisi ikizidi, kinakuwa shali. Mkwe wake akiingia ghafula, anajifunga vizuri mbele ya kumsalimia. Mwanamke akishikwa na uchungu wa kuzaa njiani, wenzake wanamzungushia vikwembe vyao. Mtu akifa mbali na nyumbani, kinatandikwa juu yake. Katika ncha yake kuna fundo, na ndani ya fundo kuna franka za dawa na za chumvi.

Kikwembe ni akiba pia. Wakati wa mahari, waksi nzuri ya mama wa bibi-arusi haikosi kuulizwa. Mama anaiweka ndani ya sanduku bila kuikata. Mtoto akifukuzwa shuleni juu ya pesa, ao mgonjwa akizuiliwa hospitalini, kipande kimoja kinatoka sandukuni kinakwenda sokoni. Watu wasiojua wanaona sanduku la vikwembe wakafikiri ni mapendo ya urembo. Kwa mama wengi hiyo ilikuwa banki, na ufunguo wake aliutunza mwenyewe.

Kama kuna kitu cha kuitwa vazi la umri, basi ni hiki: nguo inayomwezesha mama kufanya kazi za mama mbele ya watu bila haya. Rangi na maua ni mapendo ya kila mtu. Hakuna mahali katika historia hii ambapo mama mzee alikatazwa rangi nyekundu kwa sababu ya miaka yake. Waksi za bei kubwa, ambazo wamama wakubwa waliziweka kwa siku ya sherehe, zilikuwa na rangi zinazoonekana toka ng'ambo ya barabara.

Viwanda vilipofunga, sanduku lilipobaki nyuma

Mambo mawili yalikitikisa kikwembe katika miaka tuliyoiona sisi wenyewe. La kwanza ni biashara. Filtisaf ya Kalemie ilikufa. Kule Kinshasa, mashini za Utexafrica, mrithi wa Utexléo, zilinyamaza katika miaka ya 2000. Sotexki ya Kisangani iliendelea kwa shida. Uporaji wa 1991 na 1993, vita, njia mbovu na nguo za bei ndogo toka inchi za nje viliviangusha viwanda vyetu. Wafanyabiashara, wakiwemo wale wa Butembo wanaojulikana kwa safari zao za mbali, wanaleta vikwembe toka Asia. Vingine vinaiga michoro ya Uholanzi, vinang'aa siku ya kwanza, na baada ya kufuliwa mara chache vinapauka. Kando yake kuna balo za nguo zilizovaliwa Ulaya. Mama asiye na pesa ya kikwembe anapata huko kanzu kwa franka chache, na wengi wanavaa hivyo leo bila kosa lolote.

La pili ni kukimbia. Nyiragongo ilipotema moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, watu wa Goma waliondoka na kile mkono uliweza kushika. Vita vya Ituri, vya Beni, vya Rutshuru na Masisi vimefanya hivyo mara nyingi zaidi. Toka 2022 kambi za Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilijaa kando ya Goma, na mwanzoni mwa 2025 watu wale wale walihama tena. Katika kila safari ya namna hiyo, sanduku linabaki nyuma. Mama anatoka na kikwembe kimoja mwilini. Kile cha pili amembebea mtoto, ao amekitandika chini usiku wa kwanza, ao amekiuza njiani kwa chakula.

Ndiyo sababu mambo ya nguo kambini si madogo. Mama mzee mwenye kikwembe kimoja hawezi kukifua na kungoja kikauke, maana hana cha kubadilisha. Anabaki ndani ya hema wakati wengine wanakwenda kujiandikisha kwa chakula. Haendi kanisani wala kwenye kikao cha wazee. Ukimwuliza, atakwambia anaumwa mgongo. Watu wanafikiri amechoka juu ya uzee, kumbe amekosa mita 2 za kitambaa. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mama wa namna hiyo anaijua maana yake kila asubuhi.

Katika miaka iliyopita, UNICEF na wenzake walijaribu njia nyingine hapa mashariki. Badala ya kugawa mizigo iliyofungwa tayari, walipanga masoko ya siku moja, wakawapa wakimbizi kuponi, na wauzaji wa hapa wakaleta sufuria, magodoro, vikwembe na vitu vingine. Kila jamaa ilichagua. Wanaotoa msaada leo wanaweza kujifunza hapo. Mwenye kujua kama anahitaji sufuria ao kikwembe ni mama mwenyewe, na anajua pia ni kikwembe gani.

Tufanye nini basi

Kwa watoto wakubwa: mama akitaka maua makubwa mekundu, mnunulie. Akitaka kanzu ndefu kwa sababu mikono yake haina tena nguvu ya kufunga kikwembe vizuri, mshonesheeni. Pantalo ya joto chini ya kikwembe haikuvunja heshima ya mtu, hasa kwa mwenye maumivu ya magoti katika baridi ya milimani, ao mwenye kusafiri kwa moto. Na kama mna pesa ya kitu kimoja tu, ulizeni kwanza kama ana kikwembe cha pili.

Kwa wanaogawa nguo: muwatenge wamama wazee wapewe wa kwanza, mbele ya balo kubaki na sketi za wasichana tu. Kikwembe kisichokatwa kinamfaa mnene na mwembamba, hakihitaji fundi, na kina kazi zote tulizozitaja.

Kwa viongozi wa makanisa na wa vijiji: mkitaka kusema neno juu ya nguo za mama mzee, kumbukeni kwamba wengi walisema mbele yenu. Mwenye msafara alisema, kampuni ya pamba ikasema, misheni ikasema, chama kikasema, askari wakasema. Wote walipita. Mama aliendelea kufunga kikwembe chake cha pili.

Na kwenu wamama wazee mnaotusikiliza: wajukuu wenu wengi walizaliwa njiani na hawajaona sanduku lililobaki kijijini. Waelezeni yaliyokuwa ndani yake, jina la kila kikwembe, nani alikitoa na siku gani. Wafundisheni namna ya kukunja na kufunga, hata kwa kipande kilichopauka. Vijiji vikifunguka, watarudi wakijua kwamba sanduku lilikuwa banki ya bibi yao, na kwamba ufunguo ulikuwa wake.